Shumaisi: mtihani kwa wanafunzi wa sheria ya kimataifa

Kando ya barabara ya zamani inayounganisha Jeddah na Makka, nchini Saudi Arabia, kuna eneo linaloitwa Shumaisi. Hapo ndipo kilipo kituo ambamo wahamiaji wasio na vibali vya ukaazi huzuiliwa wakisubiri kurejeshwa makwao. Wengi wao ni Waethiopia, lakini wamo pia watu kutoka nchi nyingine za Afrika na Asia, wakiwemo wafanyakazi wa nyumbani waliokimbia waajiri wao.

Kwa Mwafrika Mashariki anayesomea shahada ya uzamili katika sheria ya kimataifa na haki za binadamu, mahali hapa panazusha swali ambalo vitabu vya mwaka wa kwanza havimwandai kulijibu: mtu aliyefungiwa humo analindwa na sheria ipi, na ni nani anayepaswa kuwajibika?

Ni vyema kutahadharisha mapema kwamba Shumaisi ni jina pia la mtaa mkongwe mjini Riyadh, wenye hospitali kubwa inayojulikana sana. Mwandishi wa tasnifu asipokuwa makini, anaweza kuchanganya habari za miji miwili iliyo mbali sana, kila mmoja ukiwa na kituo chake cha kuwazuilia wahamiaji.

Kilichotiwa saini na kisichotiwa

Jibu ambalo mwanafunzi hulikimbilia kwanza ni Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, unaokataza kumzuilia mtu kiholela. Saudi Arabia haijauridhia. Haijajiunga pia na mkataba wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi, wala ule wa mwaka 1990 unaowalinda wafanyakazi wahamiaji na familia zao. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipopigiwa kura mwaka 1948, ufalme huo ulikuwa miongoni mwa nchi 8 zilizojizuia kupiga kura.

Wengi huishia hapo na kuhitimisha kuwa sheria haipo. Hitimisho hilo si sahihi. Mwaka 1996 Saudi Arabia ilijiunga na mkataba wa haki za mtoto. Mwaka 1997 ikajiunga na ule dhidi ya mateso na ule dhidi ya ubaguzi wa rangi. Na mwaka 2000 na ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ingawa kwa sharti kwamba haitafungwa na kifungu chochote kinachopingana na sheria ya Kiislamu. Kifungu cha 3 cha mkataba dhidi ya mateso kinakataza kumrejesha mtu katika nchi ambako kuna sababu za msingi za kuamini kuwa atateswa. Marufuku hiyo haitazami kama mtu ana kibali cha ukaazi au hana.

Ipo pia Sheria ya Msingi ya Utawala ya mwaka 1992, inayosema katika kifungu cha 36 kwamba mtu hazuiliwi ila kwa mujibu wa sheria. Aidha, Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Uzuiaji wa Kiholela, kilichoundwa mwaka 1991, hupokea malalamiko dhidi ya nchi yoyote mwanachama, hata kama haijaridhia mkataba wa mwaka 1966. Uamuzi wake hautekelezwi kwa nguvu, lakini hubaki katika kumbukumbu rasmi.

Mkataba wa kale

Jambo ambalo halitajwi mara nyingi katika madarasa ya Ulaya ni kwamba Shumaisi ndilo jina la leo la eneo la Hudaibiya. Hapo, mwaka wa 6 wa Hijria, sawa na 628 Miladia, Mtume Muhammad aliwekeana suluhu na Makureshi wa Makka. Mojawapo ya masharti ya suluhu hiyo lilihusu watu waliotoroka: aliyekimbilia kwa Waislamu bila idhini ya walezi wake alipaswa kurudishwa. Abu Jandal alifika akiwa na minyororo, naye akarudishwa. Baadaye Kurani ilikataza kuwarudisha wanawake waumini waliohama.

Wanazuoni wa fani ya siyar, yaani kanuni za Kiislamu za uhusiano wa mataifa, wamelijadili suala hilo kwa karne nyingi. Mwaka 2009 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilishirikiana na Chuo Kikuu cha Kiarabu cha Naif cha mjini Riyadh katika kuchapisha utafiti wa Profesa Ahmed Abou-El-Wafa wa Cairo, unaolinganisha hifadhi katika sharia na katika sheria ya kimataifa ya wakimbizi. Mwanafunzi kutoka Mombasa, Lamu au Unguja aliyepitia madrasa na anayesoma Kiarabu ana nafasi njema hapa, kwani amri na kanuni za Saudi Arabia huchapishwa kwa lugha hiyo katika gazeti rasmi la Umm al-Qura.

Kesi ya Diallo

Kuhusu kufukuzwa kwa wageni, hukumu isiyoweza kukwepwa ilitokana na kisa kilichotokea Kinshasa. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara raia wa Guinea aliyeishi Kongo kwa miaka 32, alizuiliwa na kisha kufukuzwa Januari 1996. Guinea ilipeleka malalamiko katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Tarehe 30 Novemba 2010 mahakama iliamua kwamba Kongo ilikiuka haki zake, ikiwemo ile ya kuelezwa bila kuchelewa kuwa anaweza kuwasiliana na ubalozi wake. Mwaka 2012 Kongo iliamriwa kulipa fidia ya dola 95,000.

Haki hiyo ya kuwasiliana na ubalozi imo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, na Saudi Arabia ni mwanachama wake. Kupata mahakama ya kuusikiliza mgogoro kama huo ni suala jingine, kwani mahakama ya The Hague haina mamlaka bila ridhaa ya nchi zote mbili. Na hata ikiwa nayo, lazima kwanza iwepo serikali iliyo tayari, kama Guinea, kumtetea raia wake mmoja.

Nchi zinazotuma wafanyakazi

Hapa tasnifu nyingi nzuri hubadilisha mwelekeo. Uganda iliridhia mkataba wa wafanyakazi wahamiaji mwaka 1995; Kenya na Tanzania hazijauridhia. Januari 2016 Uganda ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani Saudi Arabia kufuatia malalamiko ya unyanyasaji, kisha ikauruhusu tena mwaka 2017 chini ya makubaliano ya nchi hizo mbili. Mageuzi ya kazi yaliyoanza Saudi Arabia mwezi Machi 2021, yaliyolegeza mfumo wa kafala unaomfunga mfanyakazi kwa mdhamini wake, hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani.

Ushahidi nao ni mgumu kuupata. Watafiti wa kujitegemea hawaingii vituoni, hivyo mashirika kama Human Rights Watch yamewategemea wahamiaji waliokwisha kurejeshwa, au mazungumzo ya simu na walio ndani. Anayefuata njia hiyo hana budi kupata ridhaa ya msimuliaji, kuficha utambulisho wake, na kulinganisha masimulizi ya watu wasiofahamiana. Mambo haya hufundishwa Makerere, katika Kituo cha Haki za Binadamu na Amani kilichoanzishwa mwaka 1993, na Pretoria, ambako shahada ya uzamili kuhusu haki za binadamu na demokrasia barani Afrika ilianza mwaka 2000. Shahada za uzamili za sheria kwa kawaida hudai shahada ya kwanza ya sheria. Zile za haki za binadamu mara nyingi hupokea pia walimu, waandishi wa habari na wafanyakazi wa jamii.

Watoto wasio na vyeti

Uwanja ambao bado unahitaji watafiti ni wa watoto waliozaliwa Saudi Arabia na mama Wakenya ambao hawakuwa wameolewa. Bila cheti cha ndoa, mama hushindwa kumsajili mtoto, na bila usajili mtoto hapati hati ya kusafiria hata mama anaporejeshwa. Kifungu cha 7 cha mkataba wa haki za mtoto kinataka kila mtoto asajiliwe mara anapozaliwa, na Saudi Arabia imeuridhia. Kifungu cha 14 cha katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nacho kinampa uraia wa kuzaliwa mtoto yeyote ambaye mama au baba yake ni Mkenya, popote azaliwapo. Mwaka 2023 maafisa wa Kenya walianza kuchukua sampuli za vinasaba vya watoto hao ili kuthibitisha mama zao.