Picha za Titan Zilivyonusurika: Mhandisi Mbishi, Kipokezi Kibovu na Amri Moja Iliyosahaulika

Ile picha ya mawe kwenye ardhi ya rangi ya chungwa huenda umeshakutana nayo mtandaoni ukadhani ni filamu. Siyo filamu. Ilipigwa tarehe 14 Januari 2005 kwenye Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali, ile sayari yenye pete. Na ilibaki kidogo tu isifike duniani.

Turudi nyuma. Mwaka 1980 chombo cha Marekani, Voyager 1, kilipita jirani na Titan kikiwa na hamu ya kuona kilichopo chini. Kikaambulia ukungu. Titan imejifunika hewa nzito ya naitrojeni na ukungu wa rangi ya chungwa, kamera haikuona hata kilima. Ndipo wazo likaja: kama huwezi kuona kutoka juu, shuka mwenyewe.

Oktoba 1997 ikaondoka safari ya pamoja ya Marekani na Ulaya. Cassini ndicho kilikuwa chombo kikubwa, cha kuzunguka Zohali. Mgongoni kilibeba kidogo cha kilo 318, Huygens, cha kushuka Titan kwa parachuti. Mpango ulikuwa rahisi kuueleza: Huygens kinashuka huku kinarusha data, Cassini kinapokea, kisha kinaituma nyumbani. Kuifikia Zohali kulihitaji karibu miaka 7.

Sasa hapa ndipo anaingia jamaa wetu. Alikuwa mhandisi wa mawasiliano wa Ulaya, kazi yake ikiwa Darmstadt, Ujerumani. Chombo kimeshaondoka, kila mtu anasubiri tu mwaka 2004, yeye kuna kitu kinamkera: ile redio ya Cassini ya kumsikiliza Huygens haikuwahi kujaribiwa kikamilifu katika hali halisi ya safari. Jaribio la namna hiyo kabla ya kuruka lilionekana la gharama na usumbufu, likarukwa. Unajua zile za "itafanya kazi tu".

Akapendekeza wajaribu chombo kikiwa hukohuko angani. Mwanzoni akakataliwa. Waliokuwa tayari kukubali walitaka jaribio jepesi, kuona tu kama redio inashika mawimbi. Yeye akang'ang'ania la kweli, mpaka wenzake wachache wakamuunga mkono na ruhusa ikatoka.

Februari 2000 akiwa Goldstone, California, kwenye antena kubwa jangwani, akarusha mawimbi yanayojifanya Huygens. Redio ikashika stesheni vizuri kabisa. Lakini data iliyorudi? Takataka. Maneno yamevurugika, hayasomeki.

Chanzo ni kitu unachokisikia kila siku barabarani. Basi likikujia linapiga honi, sauti inakuwa kali. Likishakupita, inakuwa nzito. Mawimbi ya redio nayo hubadilika hivyo kwa sababu ya mwendo, na Cassini kingekuwa kinamkimbilia Huygens kwa zaidi ya kilomita 5 kwa sekunde. Mafundi walilijua hilo, wakaitengeneza redio ifuate stesheni inapohama. Walichosahau ni kwamba hata kasi ya data yenyewe inabadilika. Ni kama mtu anayekusomea imla, ameongeza mwendo kidogo tu, na wewe umekaza kuandika kwa mwendo uleule wa jana. Herufi zinaingiliana.

Kwenye simu yako hilo lingeisha kwa kupakua toleo jipya la programu. Pale haikuwezekana, sehemu ile ya kipokezi haikubadilishika kutoka duniani. Chombo kiko mamilioni ya kilomita, fundi hafiki.

Basi wakabadilisha njia. Kama redio haiwezi kuvumilia mwendo wa kukimbiliana, punguza kukimbiliana. Badala ya Cassini kupita Titan kwa umbali wa kilomita 1,200, kikapangiwa kupita karibu kilomita 60,000, kikikatiza kwa pembeni zaidi. Ratiba ya mizunguko ya kwanza ikasukwa upya, na Huygens kikaachiwa tarehe 25 Desemba 2004. Krismasi ya watu ilikuwa hiyo.

Siku 20 baadaye kikaingia kwenye hewa ya Titan, kikashuka kwa takriban saa 2 na nusu. Data ikaja safi! Ikaonekana mifereji kama ya mito iliyochongwa na methani ya maji, na chini mawe ya mviringo ya barafu, kwenye baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri.

Lakini subiri. Huygens kilirusha kwa njia mbili, na amri ya kuwasha kipokezi cha njia moja ilikuwa haimo kwenye orodha. Mtu alisahau. Kati ya picha kama 700, nusu zikapotea moja kwa moja, pamoja na vipimo vya upepo ambavyo watafiti wake walivisubiri kwa miaka mingi. Hebu fikiria sura zao chumbani mle wakati wenzao wanashangilia.

Upepo uliokolewa na kitu ambacho wengi hawakukitegemea sana. Antena kubwa za duniani, Marekani na Australia zikiwemo, zilikuwa zimeelekezwa kule, na zikanasa mlio dhaifu wa Huygens kutoka umbali wa zaidi ya kilomita bilioni moja. Kutokana na kupanda na kushuka kwa mlio huo, ileile hesabu ya honi ya basi, wakapata upepo: zaidi ya kilomita 400 kwa saa huko juu, na karibu na ardhi ukitulia kabisa.

Cassini kiliisikiliza Titan kutoka ardhini kwa dakika kama 72, kisha kikazama nyuma ya upeo. Huygens kilikuwa bado kinaongea.