Kalitusi aina ya saligna
Eucalyptus saligna ni mti wa majani mabichi mwaka mzima, wenye kufikia mita 30 hadi 55. Asili yake ni Australia, katika mabonde yenye mvua nyingi karibu na pwani ya New South Wales na kusini mwa Queensland. Ganda la chini hukwaruza. Juu hubanduka, shina hubaki laini, la kijivu.

Kwetu Kivu hupandwa kwa ajili ya nguzo, mbao na makala. Ukiukata, kisiki huchipuka tena, na makala ya shambani huipunguzia hifadhi ya Virunga mashoka. Lakini hunywa maji mengi mno! Usiupande karibu na chemchemi ya kijiji. Pale acha miti ya kienyeji.