Kuvu, Sumu na Mpaka: Historia ya Mahindi Yenye Sumukuvu na Lugha ya Kuyaeleza katika Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya sumukuvu katika mahindi yanayovuka mpaka wa Uganda na Kenya kupitia miji ya Busia na Malaba, huu wa pili ukiwa katika Wilaya ya Tororo kwa upande wa Uganda. Hoja inayojengwa ni kwamba maarifa kuhusu sumu hii yamekuwapo Afrika Mashariki kwa zaidi ya nusu karne, lakini yamehifadhiwa katika lugha ya maabara na ya nyaraka za serikali, ilhali wanaoanika, wanaopakia, wanaosaga na wanaokula mahindi hayo huzungumza lugha nyingine. Makala inapendekeza istilahi zipangwe upya na matumizi ya Kiswahili yaimarishwe katika vituo vya mpakani.

1.0 Utangulizi

Tarehe 27 Februari 2021, Mkutano wa 21 wa Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki uliridhia Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Siku sita baadaye, tarehe 5 Machi, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia idara ya forodha barua ya kusimamisha mara moja uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mahindi hayo yalikuwa na viwango vya sumukuvu vilivyopita kikomo cha usalama. Barua iliandikwa kwa Kiingereza. Malori yalikwama Busia na Malaba, na habari ikawafikia wakulima na wachuuzi kwa umbo lililofupishwa: mahindi ya Uganda yana sumu.

Matukio haya mawili hayakupangwa pamoja, lakini yanaelezana. Tukio la kwanza lilikiri kwamba Jumuiya inahitaji lugha ya watu wake. La pili lilionyesha hasara inayopatikana pale ambapo jambo la uhai na kifo linaelezwa bila lugha hiyo. Ili kuielewa hasara hiyo, ni lazima kurejea nyuma ya mwaka 2021.

2.0 Mpaka na Njia ya Mahindi

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902, eneo ambalo leo ni magharibi mwa Kenya lilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Lilipohamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, jamii zilizokuwa zikiishi pamoja zilijikuta chini ya tawala mbili. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili hadi leo, na jina la Busia limebaki la mji mmoja wenye serikali mbili. Chakula kiliendelea kufuata njia za undugu na soko, hata pale sheria ilipokiita bidhaa ya nje.

Kiswahili nacho kina historia yake hapa. Nchini Uganda lugha hii ilihusishwa kwa muda mrefu na jeshi, polisi na reli, na Tororo ni mji wa reli. Miaka ya 1970, uchumi rasmi wa Uganda ulipodorora chini ya utawala wa Idi Amin, neno la Kiswahili magendo lilienea nchini humo kuwa jina la mfumo mzima wa biashara ya kukwepa dola. Neno bodaboda nalo, kama inavyosimuliwa kote katika eneo hili, lilizaliwa kwa waendesha baiskeli waliowavusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Maneno haya mawili yanathibitisha kwamba mpaka huu ni mahali ambapo Kiswahili hutunga msamiati wake chenyewe pale haja inapojitokeza.

Haja ya mahindi ilikua pamoja na miji ya Kenya. Mashariki mwa Uganda huwa na misimu miwili ya mvua. Mavuno ya msimu wa kwanza hutoka takribani kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo nchini Kenya mavuno makubwa ya Trans Nzoia na Uasin Gishu, yanayoanza Oktoba, bado yako shambani. Hivyo Kenya huyahitaji zaidi mahindi ya jirani katika miezi ambayo ghala zake zimepungua, na ndiyo miezi ambayo mahindi ya Uganda yametoka shambani yakiwa na unyevu, huku mkulima akiwa na muda mfupi wa kuyaanika kabla ya mvua ya pili. Tatizo la sumukuvu mpakani limefumwa ndani ya kalenda hii.

3.0 Jinsi Sumu Ilivyotambuliwa

Mwaka 1960, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulielekea kwenye chakula chao, mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Muda si mrefu, watafiti walitenga kuvu aina ya Aspergillus flavus kutoka katika karanga zenye sumu zilizotoka Uganda, na jina la sumu, aflatoksini, likatokana na jina la kuvu huyo. Kwa hiyo Afrika Mashariki ilikuwamo katika historia ya sumu hii tangu mwanzo, ingawa maarifa yenyewe yalichapishwa mbali.

Uchunguzi wa binadamu ulifuata. Kati ya 1966 na 1967 sampuli 480 za vyakula zilikusanywa Uganda, na karibu asilimia 30 zilikutwa na aflatoksini. Mwaka 1970 iliripotiwa habari ya mvulana wa Uganda mwenye umri wa miaka 15 aliyefariki kwa kuharibika ini baada ya familia yake kula muhogo ulioota kuvu. Nchini Kenya, mwaka 1981, wagonjwa 20 wa eneo la Machakos waliugua homa kali ya ini baada ya kula mahindi yenye sumu, na 12 kati yao walifariki.

Mkasa mkubwa zaidi ulitokea mwaka 2004 katika maeneo ya Makueni na Kitui, ambako watu 317 waliugua na 125 walifariki. Wachunguzi walipopima mahindi na bidhaa zake katika masoko ya eneo hilo, asilimia 55 ya sampuli zilivuka kikomo cha Kenya cha wakati huo, yaani sehemu 20 katika bilioni, na asilimia 7 zilivuka sehemu 1,000. Mwaka 2016 Tanzania nayo ilipata mkasa wa aina hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambapo watu 68 waliugua na 20 walifariki.

Katika mkasa wa 2004, chanzo kikuu kilikuwa mahindi yaliyolimwa papo hapo, yakavunwa yakiwa na unyevu na kuwekwa ndani ya nyumba kabla ya kukauka. Hayakuwa yamevuka mpaka wowote. Kuvu hakagui uraia wa punje. Anachohitaji ni joto, unyevu na muda.

4.0 Namna Sumu Inavyoleta Maradhi

Aflatoksini B1, iliyo kali kuliko nyingine za kundi lake, ikishaingia mwilini hubadilishwa na ini kuwa kemikali inayoshikamana na chembe za urithi. Dozi kubwa kwa muda mfupi huharibu ini: mgonjwa hutapika, macho hugeuka manjano, tumbo hujaa maji, na wengi hufariki. Dozi ndogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na hatari huongezeka maradufu na zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mnyama aliyelishwa mahindi mabovu naye huipitisha sumu katika maziwa, kwa hiyo kumpa ng'ombe punje zilizokataliwa na watu si njia salama ya kuziondoa.

Sifa mbili za sumu hii huwapotosha watu. Kwanza, joto la kawaida la jikoni haliiangamizi. Ugali ulioiva vizuri huweza kubaki na sumu ileile iliyokuwa katika unga. Pili, sumu haina rangi wala harufu inayotambulika katika chakula, na huweza kuwamo katika punje ambazo kuvu wake hawaonekani tena.

5.0 Machi 2021 na Baada Yake

Zuio la tarehe 5 Machi halikudumu. Tarehe 10 Machi serikali ya Kenya iliruhusu tena mahindi kuingia kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, shehena iwe na cheti kinachothibitisha kuwa aflatoksini haizidi sehemu 10 katika bilioni, na cheti cha asili kionyeshe mahali mahindi yalikolimwa. Kikomo hicho kinalingana na kiwango cha pamoja cha Jumuiya kwa nafaka ya mahindi, kinachotaka pia aflatoksini B1 isizidi sehemu 5 katika bilioni na unyevu usizidi asilimia 13.5.

Masharti hayo yalikuwa na msingi wa kisayansi, lakini hayakuwagusa wafanyabiashara wote kwa uzito mmoja. Mwenye lori huweza kugawa gharama ya kipimo juu ya tani nyingi. Mwanamke mwenye magunia mawili hulipia kipimo kilekile kwa kilo chache. Sharti linalomzidi nguvu halizuii mahindi yake kula safari; hulirudisha katika njia ya magendo, ambako hakuna anayepima chochote. Hapo kanuni ya usalama huzaa hatari iliyokusudia kuiondoa.

Aidha, zuio lilibandika sumu kwenye jina la nchi. Miezi kumi na sita kabla yake, Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya lilikuwa limepiga marufuku aina tano za unga wa mahindi zilizosagwa nchini humo kwa sababu ileile ya aflatoksini. Ushahidi wa kihistoria, tangu Machakos hadi Makueni, hauungi mkono dhana kwamba sumu hii ni ya upande mmoja wa mpaka.

6.0 Suala la Istilahi

Maneno ya kawaida ya Kiswahili yaliyo karibu na jambo hili ni kuvu, ukungu na kuoza. Yote matatu hutaja kinachoonekana au kunuka. Ukungu, ambalo pia ni jina la wingu la asubuhi, humfanya msikilizaji afikirie kitu kinachopangusika. Mama anayeosha mahindi yenye ukungu, akayaanika upya na kuyapeleka kinuni au mashineni, hajapuuza onyo; amelitii kama lilivyosemwa.

Tanzania imeeneza istilahi sumukuvu, iliyoundwa kwa kuunganisha sumu na kuvu, na inatumika katika mradi wa kitaifa wa kudhibiti tatizo hili. Umbo lake ni jepesi, na maana yake inajieleza: hatari ni sumu inayoachwa na kuvu, si kuvu peke yake. Vyombo vya habari vya Kenya kwa kawaida hutumia jina la kigeni la aflatoksini. Tofauti hii ina athari katika utekelezaji. Sumukuvu hufaa kuwa jina la jumla la sumu zote za kuvu, na aflatoksini ni moja tu kati yake. Barua ya Machi 2021 ilihusu pia fumonisini, inayotokana na kuvu wa jenasi ya Fusarium, ambao mara nyingi huishambulia mimea ingali shambani. Turubai na ghala nzuri hazitoshi kuizuia. Anayezichanganya sumu hizi katika neno moja atatoa ushauri wenye pengo.

7.0 Kinga kwa Lugha Inayoeleweka

Hatua za kinga zinajulikana: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kuchambua punje zilizovunjika au kubadilika rangi, kukoboa kabla ya kusaga, na kuhifadhi mahindi makavu katika mifuko isiyopitisha hewa, juu ya vichanja. Palipokosekana mashine ya kupima unyevu, mkulima huweza kutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, akatikisa, na kusubiri kidogo. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, mahindi hayajakauka. Kula pia wimbi na mtama, nafaka za asili za eneo hili zinazoshambuliwa kidogo kuliko mahindi, hupunguza kiasi cha sumu kinachoingia mwilini.

Hata hivyo, maarifa hayatoshi pale bei inapoyapinga. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa hadi asilimia 13.5, hubaki na takribani kilo 92.5. Mnunuzi anayelipa kwa uzito bila kuuliza unyevu humtoza mkulima mwangalifu kilo saba na nusu kwa uangalifu wake.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia ya Busia na Tororo inaonyesha kwamba sumu ilitambuliwa mapema, ikapimwa, ikawekewa kikomo, lakini haikuelezwa ipasavyo kwa wanaoishika kwa mikono. Makala hii inapendekeza mambo manne. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isanifishe istilahi za usalama wa chakula, ikitenga sumukuvu kama jina la jumla na aflatoksini na fumonisini kama aina zake. Pili, matangazo, fomu na majibu ya vipimo katika vituo vya pamoja vya Busia na Malaba yatolewe kwa Kiswahili pia, na yataje shehena iliyopimwa badala ya nchi nzima. Tatu, jibu la kipimo cha maabara iliyoidhinishwa upande mmoja likubaliwe upande wa pili, na gharama ya kuwapimia wachuuzi wadogo ibebwe kwa pamoja. Nne, bei ya mahindi sokoni ifungamanishwe na unyevu wake. Mapendekezo mawili ya mwanzo ni ya lugha na mawili ya mwisho ni ya uchumi. Yakitenganishwa, mkulima atakuwa ameelewa onyo bila kumudu kulitii, au atakuwa amemudu bila kuelewa.