Dawa ya Kansa Bila Ushahidi: Kutoka Kikombe cha Babu wa Loliondo Hadi Chupa ya Dokta wa Mtaani, Hivi Ndivyo Utajua Unauziwa Hewa

Hebu fikiria uko kazi Nairobi, Jumatano saa nane mchana, simu inalia. Ni mathee kutoka Meru. Buda amekuwa akikwamwa na ugali tangu Krismasi, na sasa hata uji unapita kwa shida. Hospitali wamesema apimwe na kamera ya koo. Lakini jirani amemshow kuna "dokta" huko Embu anamaliza kansa na chupa tatu tu, bila kukatwa, bila kuchomwa. Anaitisha elfu thelathini, na mathee anataka utume leo.

Utado?

Wasee wengi hutuma. Si ati ni wajinga, ni vile wanapenda mzazi wao na wameshikwa na uoga. Ndio maana ni poa ujue mapema hii biashara hufanya kazi aje, ndio hiyo simu ikiingia usianze kukuna kichwa.

Mbona watu hukimbilia huko?

Kwanza, kansa si mchezo. Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani la WHO yalionyesha kwamba mwaka wa 2020 Wakenya zaidi ya 42,000 walipatikana na ugonjwa huu, na zaidi ya 27,000 wakafariki. Kansa ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, iko kati ya zile zinazoua Wakenya wengi zaidi.

Pili, matibabu yalikuwa mbali. Kwa miaka mingi, Hospitali ya Kenyatta ndiyo ilikuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye mashine za mionzi. Mtu wa Maua ama Runyenjes alikuwa anatoka kwao na matatu, analala kwa watu Nairobi, halafu anaambiwa arudi baada ya miezi kadhaa. Katikati ya hiyo foleni ndo msee wa chupa hutokea. Yeye hana foleni. Anakupokea leo, anakusikiliza, anakushika mkono, anakuita kwa jina. Hospitali zetu nyingi hazijajua kufanya hivyo, na huo ndio ukweli.

Babu wa Loliondo: stori yenyewe

Kama ulikuwa mtoi mwaka wa 2011, uliza wakubwa wako. Ambilikile Mwasapila alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa la Kilutheri, akiishi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, si mbali na mpaka wa Kenya upande wa Narok. Alisema Mungu alimwonyesha dawa kwa ndoto: mizizi ya mti unaoitwa mugariga, inachemshwa, unakunywa kikombe kimoja, basi. Bei ilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Ilisemekana inatibu kisukari, ukimwi, presha, pumu, kifafa, hadi kansa. Sharti lilikuwa moja: lazima uende mwenyewe upewe na Babu.

Kufikia Machi 2011 foleni ya magari ilikuwa inahesabiwa kwa kilomita. Wakenya walivuka na mabasi, wenye pesa wakaenda na helikopta, mawaziri wa Tanzania wakapigwa picha wakinywa. Wagonjwa waliotolewa wodini wakafia njiani na kwenye foleni, wengi hadi Babu mwenyewe akaomba watu wasimame kidogo kuja.

Sasa shika hapa vizuri. Wataalamu wa serikali ya Tanzania walisema kikombe si sumu. Watu wakasikia "kinatibu." Hizo ni vitu mbili tofauti kabisa. Hata maji ya mfereji si sumu, lakini hayaponyi kansa. Hakuna utafiti uliowahi kuonyesha kikombe kiliponya mtu ukimwi ama kansa. Na kuna wagonjwa wa HIV walioacha ARV wakiamini wamepona, wakarudi hospitali wakiwa wamezidiwa.

Kusema haki, Babu hakuwa anauza bei ya kunyonga mtu. Lakini hata dawa ya bei ya soda inaweza kukugharimu uhai kama imekufanya uache ile inayofanya kazi. Mwasapila alifariki Julai 2021.

Cheki sasa upande wa pili. Anyang' Nyong'o alikuwa Waziri wa Huduma za Matibabu wa Kenya enzi hizo hizo. Mwaka wa 2010 alipatikana na kansa ya tezi dume. Alienda akatibiwa na madaktari Marekani, akarudi, na akaongea kuhusu ugonjwa wake hadharani. Baadaye alichaguliwa gavana wa Kisumu mara mbili, 2017 na 2022. Kansa ikishikwa mapema na itibiwe vizuri, mtu anaishi. Swali la uchungu ni mbona raia wa kawaida aliachiwa kikombe.

"Lakini huyu ni daktari wa ukweli, ana digrii!"

Sawa, hata hiyo haitoshi. Mwaka wa 1990, KEMRI, taasisi ya serikali yenye wanasayansi waliosoma, ilitoa Kemron kama dawa ya ukimwi. Rais Moi mwenyewe aliizindua. Kenya nzima ikafurahi. Utafiti ulipofanywa vizuri, ukiwemo uliofanywa Uganda, waliokunywa Kemron hawakuwa na nafuu kuwashinda wasiokunywa.

Mwaka wa 1996, Profesa Arthur Obel, daktari aliyesoma, akaibuka na Pearl Omega, akisema inaponya ukimwi. Wagonjwa walilipa pesa nyingi. Serikali ikasema dawa haijaidhinishwa.

Kwa hivyo koti jeupe si ushahidi, na jina "profesa" si ushahidi. Ushahidi ni wagonjwa wengi kupewa dawa, wengine wenye ugonjwa ule ule kupewa matibabu ya kawaida, halafu watu wasio na hisa kwenye biashara wahesabu nani aliishi.

Kwani mitishamba ni uongo?

Zii. Usiwahi ambia cucu wako hivyo. Dawa kadhaa za kemo zilitoka kwa mimea. Ile maua ya pinki na nyeupe inayopandwa kwa boma nyingi, jina lake la kisayansi Catharanthus roseus, ilitupatia vinkristini, inayotumika kutibu watoto wenye kansa ya damu. Paklitakseli ilitoka kwa ganda la mti wa Marekani. Ganda lilikusanywa 1962, na dawa ikaidhinishwa huko 1992. Miaka 30 ya kutafuta kipimo sahihi, kujua inaua nini, na kujua inaumiza nini.

Hata msitu wa Mlima Kenya uko na mti wa muiri. Ganda lake huuzwa hadi Ulaya kwa wazee wenye tezi dume iliyofura. Lakini kufura kwa kawaida si kansa, na muiri haujathibitishwa kuponya kansa. Muuzaji hapendi uelewe hiyo tofauti.

Kuna pia stafeli, ile watu wanasema ina nguvu kuliko kemo mara elfu kumi. Majaribio yaliyopewa sifa yalikuwa ya seli kwenye maabara, si ya watu. Kwenye kisiwa cha Guadeloupe, watafiti wamehusisha kutumia stafeli kwa wingi na ugonjwa wa kutetemeka unaofanana na Parkinson. Kula tunda lako ukipenda, lakini usilifanye matibabu.

Kinachoua ni muda

Mwaka wa 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha hesabu ya watu waliokuwa na kansa ambayo bado haijasambaa, lakini wakachagua tiba mbadala peke yake. Waliwalinganisha na waliotibiwa hospitali. Hatari ya kufa ilikuwa mara 2.5 zaidi. Kwa kansa ya matiti, ilikuwa zaidi ya mara 5.

Rudi kwa buda. Kansa ya umio haingoji. Chupa ya kwanza ni wiki tatu. Ya pili, wiki tatu tena. Akiona haisaidii anaambiwa "sumu inatoka, ongeza ya tatu." Miezi miwili imeenda, na uvimbe uliokuwa unaweza kutolewa sasa umesambaa. Elfu thelathini unaweza kutafuta tena. Hiyo miezi miwili hairudi.

Na usishangae akianza vizuri. Sehemu nyingi duniani, dawa zinazoitwa za mitishamba zimepimwa zikapatikana zimetiwa steroidi kisiri. Steroidi huleta hamu ya kula na kupunguza maumivu kwa siku kadhaa. Mgonjwa anaamka, anaitisha chapo, familia inatoa shuhuda. Uvimbe uko pale pale.

Ishara za kukuamsha

1. Dawa moja inatibu kila kitu: kansa, sukari, presha na nguvu za kiume. Kansa yenyewe ni magonjwa mengi tofauti.

2. Hataki karatasi za biopsi. Anapima kansa kwa kushika mkono ama kwa mashine ya kuweka kidole.

3. Anakuambia uache kemo ama usirudi hospitali. Hapa simama na utoke.

4. Ushahidi wake ni shuhuda tu. Waliopona wanaongea redioni, waliokufa hawapigi simu. Na wengine wa hao waliopona hawakuwahi kupimwa kansa, ama walikuwa kwa kemo pia.

5. Anasema "madaktari wanaficha hii dawa." Madaktari pia hupata kansa, na wazazi wao hufa nayo.

6. Anakuonyesha cheti. Soma kimetoka wapi. Waganga wa kienyeji wamekuwa wakisajiliwa kupitia idara ya utamaduni. Hicho cheti hakisemi dawa inafanya kazi.

Sasa ufanye nini, kama uko Meru ama Embu?

Jina la daktari: uliza jina kamili na namba yake ya usajili, halafu utafute kwa orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari. Iko wazi mtandaoni. Dawa nayo inafaa iwe imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Anayekasirika ukiuliza ameshakujibu.

Kipimo: kukwamwa na chakula kwa zaidi ya wiki mbili ni sababu ya kupimwa na kamera. Kansa inathibitishwa na biopsi, yaani kipande cha nyama kinachoenda maabara. Itisha nakala ya majibu, weka nyumbani.

Matibabu: si lazima kila mtu aende Nairobi tena. Hospitali ya Rufaa ya Meru na ile ya Embu Level 5 hutoa kemo. Mionzi ndiyo bado inaweza kukupeleka Nairobi. Hakikisha buda amesajiliwa SHA na uulize ofisa wa hospitali inalipia nini na inaisha wapi. Hiyo elfu thelathini ndo itafanya nauli, vipimo na chakula.

Maumivu: hata kama ugonjwa umepatikana ukiwa umesambaa, haimaanishi arudishwe nyumbani ateseke. Meru Hospice na Embu-Mbeere Hospice kazi yao ni kupunguza uchungu na kushikilia familia. Watu wengi huenda kwa chupa kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna mahali uchungu unatibiwa.

Kinga: punguza pombe, wacha sigara, na wacha chai ipoe kidogo. Mwaka wa 2016, watafiti wa WHO walisema vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 pengine vinachangia kansa ya umio.

Ile simu ya mathee

Usimkatie. Usimwite mshamba. Anaogopa kuachwa pekee yake na buda. Mwambie hivi: "Mathee, nimeskia. Ganji naituma, lakini ya kamera. Kesho nampigia mtu wa hospitali, Ijumaa nakuja, tunampeleka pamoja." Akitaka kumpea uji wa mitishamba nyumbani, mwambieni daktari, ajue kama unagongana na dawa. Lakini hospitali mnaenda.

Halafu Ijumaa uende kweli. Huyo dokta wa chupa huwa anashinda kwa sababu yeye hupatikana.