Kicheko Kilipotutangulia Sebuleni

Mwaka 1977, kabla kituo cha televisheni cha ABC nchini Marekani hakijaanza kurusha kichekesho kiitwacho Soap, waumini walishika kalamu. Barua takribani 32,000 zilifika kituoni, karibu zote za kupinga. Wabaptisti wa Kusini walipinga, na Wakatoliki nao walipinga. Walioandika hawakuwa wamekiona kipindi chenyewe, maana kilikuwa hakijaonyeshwa. Miongoni mwa yaliyowachukiza ni mhusika mmoja, Jodie, kijana anayependa wanaume, aliyeigizwa na Billy Crystal. Kipindi kilianza Septemba 13 hata hivyo, kikaendelea hadi 1981.

Tunaanza na barua hizo kwa sababu zinatuhusu. Hatukuziandika sisi, lakini mwandiko tunaujua. Kanisa lilisema na wenye kituo. Halikusema na mzazi aliyeketi mbele ya televisheni, pembeni yake mtoto mwenye siri. Mzazi huyo aliachiwa vichekesho vimsemeze.

Navyo vilikuwa vimeshaanza. Februari 9, 1971, katika All in the Family, Archie Bunker, mfanyakazi wa New York mwenye chuki kwa kila asiyefanana naye, anamdhihaki rafiki wa mkwewe kwamba si mwanamume kamili. Baadaye yuko baa akishindana mkono na Steve, rafiki yake wa siku nyingi, aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani, na Steve anamwambia kwa utulivu kwamba mwenye kupenda wanaume ni yeye. Archie anakataa kuamini. (Maneno ya Archie hatuyarudii, sisi wenyewe tunayo ya kwetu. Pwani mwanamke humwita rafiki yake wa kike "shoga" kwa mapenzi, na neno hilo hilo likitoka nje ya baraza linakuwa jiwe la kumpigia mtu.) Mwezi Mei mwaka ule, vinasa sauti vya Ikulu ya Marekani vilimnasa Rais Nixon akiwalalamikia wasaidizi wake kuhusu kipindi hicho. Rais mzima, vita vya Vietnam viko mezani, anasumbuliwa na kichekesho cha baa!

Lakini tusikipe kicheko sifa kuliko inavyostahili. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha uchunguzi wao kuhusu watazamaji wa Archie. Wale wenye ubaguzi mwingi walimwona kuwa ndiye msema kweli. Wenzao walimcheka Archie. Wao walicheka naye.

Kipindi tunachokipenda zaidi ni The Golden Girls, kilichoonyeshwa na NBC kuanzia 1985 hadi 1992. Akina mama wanne watu wazima wanaishi nyumba moja Miami, wajane watatu na mmoja aliyeachika. Ukiwaona jikoni usiku wakila keki, utadhani ni umoja wa wanawake wa kanisa baada ya kikao. Mwaka 1988 Clayton, mdogo wake Blanche, anakuja kumtembelea dada yake, na dada anahangaika kumtafutia mchumba. Clayton anaogopa kusema ukweli, kiasi kwamba anadanganya kuwa amelala na Rose, mmoja wa wenye nyumba. Watazamaji walicheka. Sisi kila tukikumbuka sehemu hiyo tunajiuliza ni nyumba ya namna gani ambamo uzinzi wa uongo ni salama kuliko ukweli, na jibu linatuaibisha, maana nyumba hizo tunazijua na tumezihubiria.

Mwaka 1991 Clayton anarudi na mwenzake, Doug, akisema wanataka kuoana. Wakati huo hapakuwa na jimbo hata moja la Marekani lililoruhusu jambo hilo. Blanche alidhani amekwisha kumkubali mdogo wake. Sasa anagundua kwamba alimkubali kwa sharti jirani wasijue. Watu watasemaje? Anayemtuliza ni Sophia, mwanamke mzee kuliko wote nyumbani, ambaye anamuuliza tu kwa nini aliolewa na marehemu mumewe. Blanche anajibu kama mjane yeyote angejibu, na katika jibu lake anamsikia Clayton. Sisi tunaoandika hapa hatuna kauli moja kuhusu ndoa hiyo, na hatutaitafuta katika kurasa hizi. Tunachokiona ni kwamba waandishi hawakumfanya Blanche kuwa mtu mwovu. Anampenda nduguye na anamwonea aibu kwa wakati mmoja, kama wazazi wengi waliowahi kuja kwetu wakilia.

Aprili 30, 1997, watu wapatao milioni 42 walimtazama Ellen akijitangaza bila kukusudia kwenye kipaza sauti cha uwanja wa ndege. Kituo kimoja cha Birmingham, Alabama, kilikataa kukirusha kipindi, watu wakakusanyika ukumbini kukitazama. Mwaka uliofuata kipindi kilifutwa. Kisha kikaja Will & Grace, na mwaka 2006 Edward Schiappa na wenzake walieleza kwamba wanafunzi waliokitazama sana walikuwa na chuki kidogo zaidi, hasa wale wasiokuwa na marafiki wengi wapendao jinsia yao.

Hata hivyo, Pew ilipowauliza Wamarekani wa kundi hilo mwaka 2013, asilimia 56 walikuwa wamemwambia mama na 39 tu wamemwambia baba. Asilimia 39 pia walisema wamewahi kukataliwa na ndugu au rafiki wa karibu. Televisheni ikizimwa, mzazi na mtoto wanabaki wawili chumbani, na hapo hakuna mwandishi wa kuwapa maneno.

Jeanne Manford, mwalimu wa New York, alilijua hilo mapema. Mwanawe Morty alipigwa mwaka 1972, naye akaandika gazetini kumtetea, kisha mwezi Juni akaandamana naye akiwa na bango la kuwaita wazazi wengine. Njiani vijana walimkimbilia wakimwomba azungumze na mama zao. Alihitaji mahali pa kuwaketisha. Machi 11, 1973, miaka minne kabla ya barua zile 32,000, kanisa moja la Kimethodisti la Greenwich Village lilimfungulia chumba. Walikuja watu wapatao 20.