Somo la Afya: Kituo cha Pholela

Leo tutazungumza habari za elimu ya afya ya jamii. Elimu hii hufundishwa katika vyuo vikuu, wala si kazi ya madaktari peke yao. Ili mpate kufahamu sababu yake, sikilizeni habari za Pholela.

Pholela ni mahali penye vilima katika KwaZulu-Natal (zamani Natal), Afrika ya Kusini, nchi ya Wazulu. Mwaka 1940 Daktari Sidney Kark na mkewe, Daktari Emily Kark, walianzisha kituo cha afya huko. Walifanya kazi pamoja na Bwana Edward Jali, msaidizi wa tiba, na mkewe Bibi Amelia Jali, mwuguzi.

Watoto wengi walikuwa wamedhoofu kwa kukosa chakula bora. Je, chupa ya dawa huondoa njaa? Basi kituo kikawafundisha wenyeji, nao wakapita nyumba kwa nyumba. Waliandika nani amezaliwa na nani amekufa, watu wanakula nini, na maji wanateka wapi. Hiyo ni kazi ya hesabu. Tena waliwaonyesha watu namna ya kulima bustani za mboga, kazi ambayo sisi tungemwachia Bwana Shamba.

Kulikuwa na kaswende pia. Wanaume walikwenda migodini kutafuta mshahara, na kambi za migodi hazikupokea wake wala watoto wao. Ndoa zililegea, ugonjwa ukaenea. Sindano iliweza kumponya mgonjwa mmoja, lakini chanzo kilikuwa katika uchache wa ardhi, kazi ya mbali na sheria za nchi. Daktari Kark aliandika habari hizo mwaka 1949. Ili kuzifahamu, daktari alihitaji elimu ya uchumi na ya maisha ya watu.

Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Natal kilifungua shule ya udaktari mjini Durban kwa wanafunzi wasio Wazungu. Kark alifundisha huko. Lakini serikali ya ubaguzi, iliyoshika madaraka mwaka 1948, haikuipenda kazi yake. Mwaka 1958 yeye na mkewe waliihama nchi.

Hata hivyo, mbegu ilikwisha kupandwa. Mwaka 1957 mwanafunzi Mmarekani, Jack Geiger, alikuwa amekuja Pholela kujifunza. Aliporudi kwao, yeye na wenzake walianzisha kituo Mound Bayou, jimbo la Mississippi, penye Wamarekani weusi maskini. Huko madaktari waliandika chakula katika karatasi ya dawa, na visima vikachimbwa.

Sasa zungumzeni darasani:

1. Kwa nini dawa peke yake haikutosha Pholela?
2. Taja kazi nne zilizohitajika huko, mbali na udaktari.
3. Katika kijiji chenu, ni ugonjwa gani ambao chanzo chake hakimo mwilini mwa mgonjwa? Ni nani wote wanaohitajika ili kuuondoa?