Mandhari ya Mpaka na Upweke wa Mhusika: Historia ya Busia na Malaba kama Funzo kwa Uhakiki wa Riwaya

Wahakiki wengi wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kuieleza mandhari kama kioo cha nafsi ya mhusika. Mhusika akihuzunika, mvua hunyesha. Akitengwa, mwandishi humpeleka kisiwani, nyikani au gerezani. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha jambo moja kubwa, nalo ni kwamba mandhari yenyewe ina historia. Mahali pale pale paweza kumpokea mtu leo na kumkataa kesho, hali yeye hakuinua mguu. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kuitazama historia ya miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda, na kisha kuonyesha namna historia hiyo inavyoweza kumsaidia msomaji wa riwaya.

Yafaa ikumbukwe kwamba kabla ya 1902 nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda ya wakati ule, mkoa ulioenea hadi Naivasha. Mwaka huo serikali ya Kiingereza iliutoa mkoa huo Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mwaka 1926 mpaka huo ukathibitishwa kwa amri ya kisheria. Mto Sio na Mto Malaba, ambayo watu wa kingo zote mbili waliteka maji na kunywesha ng'ombe, ikafanywa alama za dola. Waiteso na Wasamia wakajikuta wamegawanywa, ndugu huku na ndugu kule. Watu hawakuhama, mpaka ndio uliohama.

Hata hivyo, kwa muda mrefu mstari huo haukuwa mzito. Reli iliyopita Malaba na kufika Kampala 1931 ilikuwa chini ya uongozi mmoja, na hadi 1966 sarafu iliyotumika pande zote mbili ilikuwa moja. Uzito ulianza kuonekana baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Januari 1971. Mwaka 1972 Waasia wa Uganda walipewa siku tisini wawe wameondoka. Februari 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, akiitegemea historia ile ile ya 1902. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na shirika la reli likagawanywa. Desemba 1987, miaka minane baada ya Amin kuanguka, majeshi ya nchi hizo mbili yalipambana Busia. Mtu aliyezaliwa ukingoni mwa Mto Malaba mwaka 1920 angeweza kuyaona hayo yote akiwa katika boma lile lile. Mto haukuongezeka maji, lakini kila baada ya miaka kadhaa ng'ambo ilizidi kuwa mbali.

Hapa ndipo mhakiki anapopata funzo la kwanza: upweke wa mtu haupimwi kwa ukubwa wa mahali wala kwa uchache wa watu. Hupimwa kwa idadi ya milango anayoweza kuipitia. Riwaya mbili zinalithibitisha jambo hili, ingawa hazikuandikwa kuhusu mpaka huu. Katika *Kichwamaji* (1974), Euphrase Kezilahabi anamrudisha Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, nyumbani kwao Ukerewe. Kisiwa hakikubadilika sana, na jamaa zake wapo. Kilichobadilika ni uwezo wake wa kuingia katika maisha yao na kuyaamini. Anaishi miongoni mwa watu wake kama mgeni, hadi anapojitoa uhai. Mpaka umepita katikati ya nyumba yao wenyewe, na yeye amejikuta ng'ambo ya pili.

Said Ahmed Mohamed anaianza safari hiyo mahali pengine katika *Utengano* (1980). Maimuna amefungiwa ndani ya nyumba ya baba yake, Maksuudi, na msomaji anatazamia kwamba akitoka atakuwa huru. Anatoka, na mandhari inapanuka: mji, danguro, kilabu. Lakini kadiri mahali panavyopanuka, ndivyo jamaa wa kumwita kwa jina lake wanavyopungua. Kuta za baba zilimfunga, na barabara za mji zikampoteza. Mhakiki anayeitazama mandhari kama kioo tu hawezi kueleza kwa nini upana huo unamzidishia binti huyu ukiwa.

Busia na Malaba zinaweza kueleza. Busia ni mji wa soko, wenye jina moja pande zote mbili, ambapo watu huvuka kwa miguu wakibeba nafaka, samaki na nguo. Malaba ni mji wa daraja, reli na malori. Mwandishi anayetaka kuchora upweke mahali hapo hana haja ya kuwafukuza watu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madereva walisubiri majibu ya vipimo huko Malaba katika foleni iliyofikia makumi ya kilomita. Kila mmoja alikuwa peke yake katika lori lake, mbele yake lori na nyuma yake lori, na wakazi wa njiani wakimwogopa kama mchukuzi wa maradhi. Ni vigumu kuwaza mandhari iliyojaa watu zaidi ya hiyo, wala iliyo na ukiwa zaidi.

Yaweza kupingwa kwamba mpaka pia huunganisha. Hapana shaka ni kweli. Ndoa na biashara hazikukoma hata katika miaka mibaya, na Februari 24, 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua Busia kituo cha pamoja cha forodha, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Lakini lango lililofunguliwa halirudishi yote yaliyopotea lilipokuwa limefungwa. Mzee aliyekosa kumzika dada yake ng'ambo wakati njia ilipofungwa huvuka sasa kwa dakika chache, na anakokwenda hakuna tena wa kumpokea.

Kwa hiyo, swali la kwanza la mhakiki lisiwe mandhari inafanana vipi na moyo wa mhusika. Aulize kwanza ni nani aliyeuchora mstari, ni lini, na ni mlango gani uliofungwa wakati mhusika amesimama pale pale. Akiuliza hivyo, upweke hautaonekana tena kuwa udhaifu wa mtu mmoja. Utaonekana kuwa jambo lililotendwa, lenye tarehe na wenye kulitenda.